Tunahesabu madaraja, hatuhesabu dripu

Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni Dodoma akasoma hesabu ya mvua. Watu 155 walikuwa wamekufa na 236 wamejeruhiwa. Kaya zaidi ya 51,000 zenye watu wapatao 200,000 zilikuwa zimeathirika, na nyumba zaidi ya 10,000 zimeharibika. Yakafuata mashamba, barabara, madaraja na reli. Mapema Mei kimbunga Hidaya kikaingia upande wa Mafia, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga, na waziri wa ujenzi akaweka kambi pale pale mpaka magari yakaanza kupita. Nilikuwa nikifuatilia taarifa hizo kila jioni, na nilikuwa nikisubiri hesabu ya pili. Sikuisikia. Hesabu hiyo haiwezi kusomwa Aprili kwa sababu Aprili watu wake bado ni wazima.

Maji yana kalenda yake. Siku ya kwanza yanaua kwa kuzamisha, na hao ndio tunaowahesabu. Kipindupindu kinachukua saa chache mpaka siku tano tangu mtu ameze vimelea, kwa hiyo wagonjwa wa kwanza hufika zahanati wakati watu bado wanaanika magodoro. Baadaye kidogo inakuja homa ya mgunda kwa waliotembea pekupeku kwenye tope lenye mikojo ya panya. Madimbwi yakishatulia mbu wanazaliana, na wimbi la malaria linafika wiki kadhaa baadaye, kamera zikiwa zimeshaondoka. Mjini kuna dengi, ambayo mwaka 2019 iliwapata watu zaidi ya 6,000 nchini Tanzania, wengi wao Dar es Salaam. Penye mifugo kuna homa ya Bonde la Ufa. Miezi mitatu au minne mbele, kule ambako mahindi yalisombwa, utepe wa kupima utapiamlo kwenye mkono wa mtoto unaanza kusoma njano, kisha nyekundu.

Katikati ya kalenda hiyo wapo wagonjwa ambao maji hayakuwaambukiza chochote. Mwenye presha ambaye vidonge vyake viliondoka na kabati. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV) ambaye kadi yake ya kliniki imegeuka uji. Mjamzito aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali iliyo upande wa pili wa daraja lililobebwa na maji. Akifa, cheti kitaandikwa uzazi pingamizi. Mvua haitatajwa popote.

Ndiyo maana nasema gharama kubwa ya hali mbaya ya hewa kwetu haiandikwi. Daraja lina mhandisi, lina mkandarasi, lina kifungu kwenye bajeti. Mgonjwa wa wiki ya sita ana familia yake tu. Na kwa kuwa hatumwandiki, kila mwaka tunaona kana kwamba pesa ya kumkinga ni ya ziada, kitu cha kufikiriwa pale tutakapomaliza barabara.

Nianze na mwaka ambao watu wa rika langu hawawezi kuusahau. Mwaka 1997 Tanzania iliandikisha wagonjwa 40,249 wa kipindupindu, na kati yao 2,231 walikufa. Mlipuko ulikuwa umeanza mapema mwaka ule. Mvua za El Niño zikaukuta ungali hai zikaubeba. Gawanya namba hizo mbili: katika kila wagonjwa kumi na wanane, mmoja alizikwa. Huu ni ugonjwa ambao mgonjwa akihudumiwa mapema hafi hata mmoja kati ya mia.

Tiba yake haina siri. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji lita sita za dripu ndani ya saa tatu, lita karibu mbili kati ya hizo ziingie katika nusu saa ya kwanza. Kwa chupa za nusu lita ni chupa kumi na mbili. Ambaye hajafikia hali hiyo anapona kwa pakiti za ORS, maji safi, na mtu wa kukaa naye akimnywesha kikombe baada ya kikombe. Mtoto anaongezewa vidonge vya zinki. Kwa hiyo tunaposema watu 2,231 waliuawa na kipindupindu, wengi wao waliuawa na umbali kati yao na maji yenye chumvi. Zahanati ilikuwa na chupa tano, mgonjwa alihitaji kumi na mbili, na nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wengine wanane.

Hasara ya mwaka ule haikuishia wodini. Mwishoni mwa Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu, na marufuku hiyo ikaendelea mpaka mwisho wa Juni 1998. Shirika la Afya Duniani halikuiunga mkono, kwani samaki wanaosafirishwa namna ile si njia ya kueneza ugonjwa huu. Haikusaidia. Shangazi yangu alikuwa akichambua minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja Mwanza, analipwa kwa siku. Nusu mwaka hakuwa na siku ya kulipwa. Aliuza vitenge, akauza cherehani, mwanawe mkubwa akaacha shule na hakurudi tena. Nyumbani kwake hakuna aliyeugua kipindupindu. Hesabu yake utaiandika katika safu gani?

Kwa wafugaji wa upande wa kaskazini hadithi ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Mvua zile zile za 1997 na 1998 zilileta homa ya Bonde la Ufa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, ambako wataalamu walikadiria watu 89,000 waliambukizwa. Saudi Arabia ikafunga soko la mifugo ya Pembe ya Afrika. Homa ilipotokea Jizan, Saudi Arabia kwenyewe, na Yemen mwaka 2000 soko likafungwa tena, na kwa Somalia kufuli halikufunguliwa mpaka 2009. Mtu asiyejua maisha ya Garissa au Berbera anaweza kudhani hiyo ni habari ya biashara. Kule mbuzi ndiye ada ya shule, ndiye nauli ya kwenda hospitali. Soko la mbuzi likifungwa miaka tisa, afya ya watoto ndiyo inayouzwa badala yake.

Na sasa niseme mfano unaoniuma kuliko yote, kwa sababu hapa hatuwezi kusema hatukujua.

Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kwa kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wa mbuga zinazotuamisha maji, na baadhi ya mayai hayo huwa na virusi tayari, virusi vilivyorithiwa kutoka kwa mbu aliyetaga. Mayai yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka. Mvua ikizidi na mbuga ikajaa kwa wiki kadhaa, yanaanguliwa kwa wingi. Mbu wanauma ng'ombe na kondoo, mimba zinaanza kutoka zizini, na mfugaji anaambukizwa anapomsaidia mnyama kuzaa, anapochinja, au anapokunywa maziwa mabichi. Kwa kuwa mlolongo huo unaanzia kwenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, unatabirika. Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakisoma joto la bahari na uoto kwa setilaiti waliona dalili hizo, wakatoa onyo lililoelekeza mpaka maeneo ya Afrika Mashariki yatakayopigwa, wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza.

Ugonjwa ulithibitishwa Garissa Desemba 2006. Chanjo ya mifugo Kenya ikaanza Januari 2007, mbu wakiwa wameshauma. Kufikia katikati ya 2007 zilikuwa zimeandikwa maiti 155 Kenya, 109 Tanzania na 51 Somalia. Waliokufa Tanzania walikuwa zaidi watu wa mikoa ya ndani, Dodoma, Manyara, Morogoro, mahali ambapo ukimwambia mtu kwamba setilaiti iliona kifo chake kikija wiki kadhaa kabla, utakuwa umemtukana.

Kilichokosekana ni kifungu. Neno hili anayefanya kazi halmashauri analijua vizuri. Afisa mifugo anapokea onyo, anaandika barua ya kuomba dozi, posho ya wachanjaji na mafuta ya gari. Jibu analopata ni kwamba hakuna kifungu. Kifungu kinazaliwa siku maafa yanapotangazwa, na maafa hutangazwa watu wakishakufa. Tumejenga utaratibu ambao fomu yake ya maombi ni maiti.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kujikinga na kila wingu. Wanaosema hivyo waende Beira.

Kimbunga Idai kilitua Beira, Msumbiji, usiku wa 14 Machi 2019, kikaua watu zaidi ya 600 nchini humo na kuubomoa mji karibu wote. Tarehe 27 Machi kipindupindu kikathibitishwa. Tarehe 3 Aprili chanjo ya kunywa ikaanza kutolewa, na haikupita wiki moja zaidi ya watu 800,000 walikuwa wameinywa. Vituo vya matibabu vilifunguliwa kwenye mahema, dripu zikiwa kando ya kila kitanda. Mlipuko ule ulipozimika, wagonjwa walikuwa zaidi ya 6,700 na waliokufa ni wanane. Kwa kiwango cha vifo cha Tanzania ya 1997, makaburi yangekuwa zaidi ya 370. Bakteria ni yule yule, umaskini ni ule ule, na kimbunga kilikuwa kibaya zaidi kuliko mvua zetu. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii vitu vilifika kabla ya wagonjwa kujaa.

Wala Zanzibar haikuhitaji kusubiri Beira. Januari na Februari 2009, kwenye shehia sita zilizokuwa zikiandamwa na kipindupindu kila msimu, Chumbuni, Karakana na Mtopepo kwa Unguja, na Kengeja, Mwambe na Shamiani kwa Pemba, watu karibu 24,000 walipewa dozi mbili za chanjo ya kunywa. Ugonjwa ulipokuja baadaye, waliochanjwa walionekana kuwa na hatari pungufu kwa asilimia 79, na hata majirani zao wasiochanjwa walipata nafuu pale ambapo wengi wamekunywa. Huo ni ushahidi uliotoka kwenye vichochoro vyetu wenyewe, ukasomwa na madaktari wa dunia nzima. Miaka saba baadaye, Aprili 2016, kipindupindu kikafunga shule zote za Zanzibar. Mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza visiwani ulikuja 2018. Najiuliza kilichotuzuia katikati hapo, na kila nikijiuliza narudi kwenye neno lile lile la halmashauri.

Malawi iko jirani na Msumbiji na mvua zake ni zile zile. Dhoruba Ana iliipiga Januari 2022, Machi mlipuko ukatangazwa, kisha mwaka uliofuata kikaja kimbunga Freddy. Wagonjwa walipita 58,000 na vifo vikapita 1,750, karibu watatu katika kila mia. Wakati huo chanjo duniani ilikuwa imepungua kiasi kwamba Oktoba 2022 nchi zote ziliambiwa zitoe dozi moja badala ya mbili. Bei ya dozi ni chini ya dola mbili.

Tukiwa kwenye bei, niseme na anayelipa pale tunapochelewa. Kipindupindu kikiingia mjini, amri ya kwanza tunayoijua ni kupiga marufuku vyakula vya kando ya barabara. Mama lishe anazimiwa jiko, muuza matunda ya kukatwa anamwagiwa sinia, muuza juisi ya miwa anafungiwa mashine. Sisemi amri hiyo haina sababu. Nasema ni kodi, na inalipwa na mwanamke mwenye mtaji wa siku moja, kwa ajili ya mfereji ambao hakuuchimba yeye na bomba la maji ambalo halikumfikia. Mlipuko ulioanza Kinondoni Agosti 2015 uliendelea mpaka 2018, ukapitia wagonjwa zaidi ya 33,000 nchi nzima na kuua zaidi ya 540. Fikiria ni siku ngapi za jiko lililozimwa katika miaka mitatu. Hakuna aliyezijumlisha.

Kuhusu mafuriko yenyewe tunayo angalau hesabu moja. Benki ya Dunia ilipozichunguza kaya za Dar es Salaam baada ya mafuriko ya Aprili 2018, hasara ya kaya peke yake ilizidi dola milioni 100, kwa mvua za mwezi mmoja, mji mmoja. Mradi wa kuliendeleza bonde la mto Msimbazi, tuliokuja kuukopea baadaye, ni wa dola milioni 260. Nauunga mkono mradi huo. Nakumbuka Desemba 2011, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilipoandika milimita 156.4 za mvua kwa siku moja, kiwango ambacho Dar es Salaam haikuwa imekiona tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa na wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Wengine walirudi, kwani riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ya kutoka Mabwepande ilikuwa inaila yote. Lakini mto unaweza kupanuliwa na kuzungushiwa bustani, na bado mtoto wa Kigogo, mtaa wa bondeni humo, akaugua, kama hatutasema juu ya vyoo.

Na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo na ndipo wanasiasa hawapendi kupigiwa picha.

Kila aliyekaa uswahilini Dar es Salaam anajua maana ya kutapisha choo. Choo cha shimo kimejaa. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia uchochoro wa mita moja na nusu, na hata lingeweza, malipo yake kwa safari moja yanamshinda mwenye nyumba ya vyumba sita ambaye wapangaji wenyewe wanalipa kwa mafungu. Basi anasubiri masika. Mvua ikikaza usiku anatoboa ukuta wa shimo upande wa bondeni, kinyesi kinaondoka na maji, na asubuhi choo kiko tupu. Jirani wa chini anaamka amezungukwa. Sheria ndogo zinakataza, faini ipo, na mwenyekiti wa mtaa anajua kila aliyetapisha, kwa kuwa mwenyewe naye choo chake kinajaa.

Ukimwita mtu huyo mchafu umemwonea na hujatatua kitu. Amepiga hesabu kwa pesa aliyonayo. Jamii nzima ndiyo inayolipa tofauti, kwa chupa kumi na mbili za dripu kwa kila mgonjwa, kwa jiko la mama lishe, kwa shule zilizofungwa. Na njia nyingine ipo, tena si ngeni hapa mjini. Kuna vikundi vya vijana vyenye pampu za mkono na pikipiki za magurudumu matatu vinavyoingia vichochoroni, vinatapisha choo kiangazi na kupeleka majitaka kwenye mabwawa. Wanachokosa ni wateja wenye uwezo wa kulipa bei kamili. Ruzuku ya kutapisha vyoo vya mabondeni kila Agosti na Septemba, kabla ya vuli, na tena Februari kabla ya masika, ingekuwa programu ya afya ya jamii inayonifurahisha kuliko uzinduzi wowote wa gari la wagonjwa. Sijawahi kusikia ikisomwa kwenye hotuba ya bajeti.

Miaka mingi jibu la maswali kama haya lilikuwa wafadhili. Jibu hilo limeisha. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani, na kabla mwezi haujaisha kliniki na miradi ikaanza kupokea barua za kuacha kazi. Mwezi huo huo ukazimwa mtandao wa FEWS NET, uliokuwa ukitabiri njaa tangu 1985 na ambao utabiri wake ulitumika kuanzia Turkana mpaka Karamoja. Ulirejea miezi kadhaa baadaye, lakini somo lilikuwa limeshatolewa: hata jicho tulilokuwa tukilitumia kuona ukame wetu lilikuwa linazimwa kwa swichi iliyo Washington. Somalia mwaka 2011 ilizika watu wanaokadiriwa kuwa 258,000 ilhali maonyo yalikuwepo tangu 2010. Ukame wa 2022 unakadiriwa kuua 43,000 huko huko, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Hizi ni namba za wakati jicho lilipokuwa wazi na pesa za nje zingalipo. Nawaonea huruma waliopoteza kazi, na nakasirikia namna ilivyofanyika kikatili, lakini siwezi kuandika makala ya kumwomba mtu wa mbali arudi. Beira ya 2019 ilibebwa na chanjo ya ghala la dunia na madaktari wa nje. Beira ijayo, iwe Tanga au Mombasa, tuifikirie bila wao.

Nguvu ya kuanzia tunayo. Septemba 2023 Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakiwa na mikoba ya vifaa, posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Watu hawa wanajua nyumba ipi ina mjamzito wa miezi minane, yupi anameza dawa za presha, nani choo chake kimejaa. Utabiri nao umeimarika: Hidaya ilipokuwa bado baharini TMA ilikuwa ikitoa taarifa baada ya taarifa, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na vifo vikawa vichache mno kulinganisha na nguvu ya upepo ule. Watu wetu wakipewa onyo linaloeleweka, wanalifuata.

Wanachohitaji ni sauti moja. Oktoba 2023, baada ya miezi miwili ya utabiri wa El Niño, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba mvua za uharibifu zilizokuwa zikitajwa hazitakuja. Zilikuja, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimeua watu zaidi ya 150. Aprili iliyofuata ukawa msiba wa Mai Mahiu, ambako maji yaliyozuiwa na takataka chini ya tuta la reli yalipasuka usiku na kuondoka na watu zaidi ya 50. Sitaki kumtwisha mtu mmoja mzigo wa mawingu. Ila afisa wa kaunti aliyekuwa amejiandaa kuomba dawa za kutibu maji alilisikia neno lile la Oktoba, na mwenye fungu la fedha pia alilisikia.

Utabiri huwa unakosea, kweli. Mwaka mmoja mvua itatabiriwa kubwa nayo isifike. Pakiti za ORS zitabaki stoo zikisubiri msimu ujao na choo kilichotapishwa kitabaki kimetapishwa. Wizi ndio hofu yenye uzito zaidi, kwa kuwa pesa inayotoka kabla ya maafa haina waathirika wa kuidai. Dawa yake naiona kwenye ubao wa zahanati: iandikwe pale nje, kwa chaki, kata hii imepokea dripu ngapi, ORS ngapi, vidonge vya maji vingapi, na vyoo vingapi vimetapishwa mtaa upi. Wenyeji watahesabu wenyewe.

Kwa ukame, Kenya imeshaonyesha njia. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, programu ya kuzikinga kaya na njaa inasoma uoto kwa setilaiti, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kaya za ziada zinaingiziwa pesa kwenye akaunti bila kungoja mtu atangaze janga. Kiwango kimeandikwa mapema, orodha ya kaya ipo tayari na kifungu kipo. Naomba kitu hicho hicho kwa afya na kwa mvua. Bajeti zetu zinasomwa Juni, Dodoma na Nairobi karibu siku moja. Mwelekeo wa vuli unatolewa Agosti na wa masika kuanzia Januari, bajeti ikiwa imefungwa zamani. Kwa hiyo fungu liwekwe Juni likiwa limefungwa kwa sharti moja tu: TMA au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikitangaza mvua za juu ya wastani kwa mkoa au kaunti fulani, pesa ya mkoa huo inafunguka ndani ya siku saba, bila barua ya maombi. Mganga mkuu wa wilaya anajua kiasi chake tangu Julai. Bohari ya dawa inajua idadi ya chupa. Mhudumu wa jamii anapewa orodha ya nyumba, anawapelekea wagonjwa wa presha na wanaotumia ARV dawa za miezi mitatu ndani ya mfuko usiopenya maji, na anawapa wajawazito tarehe ya kuhamia upande wa daraja ulio na hospitali. Na asubuhi moja ya Septemba, vumbi likiwa bado linaruka Kigogo, vijana wa pampu wanapiga hodi kwenye nyumba ya vyumba sita na kumwambia mwenye nyumba kwamba safari hii nusu ya bei imeshalipwa.